Bia Niliyomimina Jikoni

Watu wakisikia kwamba nilipika bia ya Kibelgiji miaka sita kwenye ghorofa ya nne pale Vårby gård, Stockholm, wanatabasamu. Wanadhani ni kiburudisho cha mtu aliyeshiba, kama kufuga samaki wa rangi. Waache watabasamu. Mimi niliipika kwa hasira tangu siku ya kwanza, na hasira yenyewe ilikuwa na mwenyewe: kaka yangu mkubwa, aliyekuwa anaishi Vällingby, upande wa pili wa jiji, na aliyekuwa anawaambia watu kwamba mama yangu alimuua baba yetu.

Nieleze vizuri. Baba alikuwa na wake wawili kule Bukavu. Kaka ni wa mke mkubwa, aliyefariki mapema. Mimi ni wa mke mdogo. Vita vilipotutawanya, kaka alitangulia Sweden, mimi nikafuata, na tulikuwa sote wawili huku siku baba alipokula chakula cha jioni kwa mama yangu, akaamka na tumbo, na baada ya wiki mbili akawa marehemu. Daktari alisema ni ini. Lakini kwetu nani anakufa kwa ini? Mtu akifa tumbo limevimba, swali ni moja tu: mara ya mwisho alikula wapi? Kaka alipigiwa simu na wajomba zake, akaambiwa baba alikula wapi, na hakutaka kusikia lingine.

Mama alipokuja kuishi na mimi, baada ya miaka ya kambi na makaratasi, neno lilikuwa limeshamtangulia. Sumu. Hakuna aliyemtamkia usoni, watu wetu hawafanyi hivyo. Kanisa letu lilikuwa linakodi ukumbi Skärholmen, Wakongo wengi, Warundi, Wanyarwanda kiasi, na Jumapili ya mwisho wa mwezi kila nyumba inaleta chungu chake tunakula pamoja. Mama alipika sombe, yaani kisamvu, na samaki mkavu, akaamka alfajiri kutwanga. Chungu kikarudi nyumbani kimejaa. Mara ya kwanza alisema labda alizidisha pilipili. Mara ya pili alisema watu walikuwa wameshiba. Baadaye akaacha kupika, akawa anapeleka soda za kopo. Hizo zilinyweka, kwa sababu zimefungwa kiwandani.

Nilikuwa nabeba lile boksi la soda kwenye treni kutoka nyumbani hadi Skärholmen, kituo kimoja tu, huku natamani kumrushia mtu. Na kaka alikuwa anakuja na suti yake, anakaa mstari wa mbele, anaimba kwa sauti. Alikuwa akimwamkia mama kwa kichwa. Hakumwita "mama mdogo" hata siku moja. Akizungumza na mimi alisema "mama yako", hivyo hivyo, kama anazungumzia gari langu.

Kwa hiyo nilichotaka kilikuwa kimoja, na nilikitaka usiku na mchana. Nilitaka kaka aje nyumbani kwangu, akae mbele ya mama yangu, anywe kitu kilichotoka mikononi mwetu, na watu wajue amekunywa. Siku hiyo chungu cha mama kingerudi kitupu. Sikutaka aombe radhi. Kaka yangu kuomba radhi, labda azaliwe upya.

Bia iliingiaje? Iliingia kwa sababu ya baba. Ujana wake alikuwa anaosha chupa kwa mapadri Wabelgiji. Masanduku ya bia yalikuwa yanaletwa kutoka kwao, bia ya kahawia ya watawa, na ngozi nyeusi ilikuwa inaosha chupa, haionji. Krismasi moja padri mmoja mzee, sijui aliguswa na nini, akammiminia nusu glasi. Nusu glasi tu, na baba aliizungumzia hadi uzeeni. Inanukia zabibu, alisema. Inanukia sukari iliyoungua. Mimi na kaka tulikua tukisikia habari za nusu glasi hiyo, na nakumbuka kaka akiwa kijana alikuwa anamwambia baba, nitakuja kukununulia katoni nzima. Wabelgiji mimi sina hamu nao, na sihitaji kueleza kwa nini, mtu wa kwetu anajua na wa kwingine akaulize. Lakini bia yao ni bia. Ukiniuliza inawezekanaje kumchukia mtu ukanywa bia yake, nitakuambia ni rahisi sana, nimefanya miaka.

Nilianza kuionja hapa hapa Stockholm, katika duka la serikali, maana Sweden bia yenye nguvu haiuzwi pengine. Unaingia kama unaingia zahanati, na Jumamosi mchana wanakufungia mlango puani. Nilinunua ile ya kahawia, wao wanaiita dubbel. Nikanunua na ile ya rangi ya asali yenye nguvu zaidi, tripel. Nilipofungua tripel mezani, mama alikuwa anakunja nguo upande wa pili wa chumba. Akainua kichwa, akauliza nani ameleta kasiksi. Na kweli, ilikuwa inanukia ndizi mbivu, sawasawa na pombe ya ndizi ya kwetu. Hamira yao ndiyo inayotoa harufu hiyo. Nikacheka, nikakasirika. Watu hawa walitukataza kunywa yao, wakaita yetu uchafu, kumbe pua zao zinatafuta kitu kile kile.

Kupika nilifundishwa na Mswidi mmoja, fundi wa mashine za kunyanyulia mizigo katika ghala nililokuwa nafanya kazi. Alikuwa mtu mkimya, wa vipimajoto na daftari. Alinipeleka kwenye kikundi chao, wanaume kumi hivi katika chumba cha chini ya jengo, kila mmoja na ndevu zake na chupa zake. Mmoja aliniuliza kama ni kweli kwetu wanawake wanatafuna nafaka na kutema kwenye chungu ndiyo pombe ichache. Nikamwambia ndiyo, na kwamba chupa niliyoleta leo mama yangu ndiye aliyeitafuna. Aliweka glasi chini polepole. Fundi alicheka mpaka akatoka nje, wengine hawakucheka, na mimi sikuwa natania sana.

Nilipika kila kitu. Nilipika ile nyeupe ya ngano, yenye mbegu za giligilani na maganda ya machungwa, ikatoka nzuri ya kunywa wakati wa joto. Nilipika saison, bia ya wakulima wao, nikaijaza kwenye chupa kabla haijamaliza kuchacha, na chupa saba zikapasukia kabatini juu ya makoti ya baridi. Jirani wa chini akabandika karatasi mlangoni kwa Kiswidi cha adabu, kile cha adabu kinachokutukana bila neno baya. Nilijaribu hata lambic, ile ya uchachu, ambayo wao hawaitii hamira, wanaacha dirisha wazi iingie yenyewe na hewa. Nilifungua dirisha la jikoni wiki nzima. Hewa ya Vårby gård ilinipa siki. Nikaimwaga chooni.

Lakini dubbel ndiyo niliyorudia na kurudia. Ndiyo niliyokuwa nampikia kaka, ingawa hakujua na labda asingekuja kujua. Kimea cha shayiri, hopsi kidogo, yale maua ya kutia uchungu, na sukari iliyochomwa. Sukari hiyo mama ndiye aliyekuwa akiichoma. Ameokoka, pombe hajaigusa tangu mimi sijaanza shule, lakini alikuwa anasimama kwenye jiko na mwiko wake, anaitazama inageuka kutoka rangi ya chai mpaka kahawa, anaiondoa motoni sekunde ile ile inayotakiwa. Kipimajoto alikuwa anakisogeza pembeni. Usichana wake alipika kasiksi ya harusi. Alikuwa anaweka sikio kwenye kifuniko cha ndoo yangu, anasikiliza, anasema bado, na kweli inakuwa bado. Hakuniuliza hata mara moja napika ya nini. Alijua.

Sasa kuna kanuni moja ya fundi wangu ambayo lazima niitaje. Bia ya aina hii haichujwi. Hamira inalala chini ya chupa, tabaka la kijivu, na ukitikisa linapanda bia yote inakuwa kama maji ya dimbwi. Kwa hiyo unaisimamisha chupa siku kadhaa, unaifungua bila kuiyumbisha, unamimina mara moja kwa mkono uliotulia, na kiasi cha kidole kimoja chini ya chupa unakiacha. Mashapo hayapelekwi mezani. Fundi alinikaririsha maneno haya kama katekisimu, akanionyesha na glasi zake pana zenye shina, zinazofanana na kikombe cha misa. Nikanunua kama hizo, sita.

Mwaka wa sita shangazi akaja, dada wa baba. Anaishi Ubelgiji, kama kuna mtu anataka kucheka. Alikaa kwa kaka wiki moja, akazungumza naye, akampigia simu mtu huyu na yule, na mwishowe akanipigia mimi.

"Nyinyi wawili mnataka kunizika mkiwa mmenuniana?" aliniambia. "Jumamosi mchana nakuja naye. Una kitu cha kunywa?"

"Ninacho, shangazi."

"Basi mtakunywa, na haya mambo yaishe."

Mama alipiga deki nyumba mara mbili. Alivaa kitenge kipya, akakivua, akavaa cha zamani, akasema asije akadhani tunasherehekea. Mimi nilikuwa na chupa kumi na mbili za dubbel bora niliyowahi kupika, miezi saba chupani. Zabibu ilikuwepo. Sukari iliyoungua ilikuwepo. Nilijiambia kaka akitia hii mdomoni atamsikia baba, na huko moyoni kwake kuna kitu kitaachia.

Walifika. Kaka alisema "jambo", hakuongeza mama wala nini. Alikaa ukingoni mwa kochi na koti lake mapajani. Shangazi alizungumza peke yake kama redio: treni, baridi, goti lake. Mama alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mikono yake aliificha chini ya kitenge.

Nikaenda jikoni. Nikafungua chupa tatu, nikamimina kama nilivyofundishwa, mkono umetulia, povu limesimama vidole viwili. Kidole cha chini nikakiacha. Chupa nikaziweka chini ya sinki. Nikafuta mashina ya glasi kwa taulo safi, nikapanga kwenye sinia, nikatoka nazo nimejaa majivuno. Nikaweka moja mbele ya shangazi, moja mbele ya kaka, na yangu nikaishika.

Mtu wa kwetu anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwa wengine nitaeleza. Kule Bukavu, kule Bujumbura, hata mhudumu wa baa ya ovyo kabisa anakuletea chupa na kizibo chake, unaigusa, ndiyo anaifungua mbele ya macho yako. Akikuletea imefunguliwa, unaondoka. Na pombe ya nyumbani, mwenye nyumba anainywa kwanza mbele ya mgeni, halafu ndiyo anampa. Hakuna anayefundishwa, mtoto anakua akiona. Na mimi, mwana wa mwanamke anayesemwa kwa sumu, nilimwalika mtu anayemsema, nikammiminia jikoni, nje ya macho yake, nikamwekea glasi mezani bila kuionja. Miaka sita ya kujiandaa, na jambo analolijua mtoto wa miaka mitano lilinitoka kwa sababu Mswidi aliniambia mashapo hayapelekwi mezani.

Kaka aliitazama glasi. Hakuigusa.

"Chupa iko wapi?"

"Chini ya sinki," nikasema.

"Ilete."

Nikaileta. Haina karatasi, haina jina, na chini kuna kile kidole cha kijivu. Kaka aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaiinamisha, tope likatembea.

"Na hii ni nini?"

"Hamira."

"Hamira," akasema.

Hapo nilikuwa bado na nafasi. Ilikuwa ni kunyoosha mkono, kuchukua glasi yake, kunywa funda moja, kucheka na kusema nisamehe mkubwa wangu, Wazungu wameniharibu. Shangazi angecheka. Kila mtu angepumua. Lakini damu ilikuwa imeshanipanda, na mimi ikishanipanda sina breki.

"Sema," nikamwambia. "Sema neno lenyewe."

"Mimi sijasema neno."

"Umelisema Vällingby nzima, umelisema kanisani, hapa unaona haya? Sumu. Si ndiyo? Sema sumu, mama huyu hapa."

Shangazi alifunika uso. Katika nyumba ile neno hilo halikuwahi kutamkwa. Maadui wote wa mama walikuwa wamemstahi, halafu nikaja mimi mwanawe nikalitupa katikati ya sebule yake aliyoipiga deki mara mbili.

Mama akainuka. Alikuja taratibu, akachukua glasi ya kaka kwa mikono miwili, akanywa. Yeye aliyeokoka. Alikunywa kama mtu anayekunywa dawa, bila kupumzika, mpaka nusu. Akafuta mdomo wa glasi kwa ncha ya kitenge chake, akairudisha mbele ya kaka.

"Mwanangu," akamwambia, "nimeonja."

Akarudi kwenye kiti chake. Kaka aliitazama ile nusu glasi muda mrefu, povu likashuka lote. Nilimwona anameza mate. Nadhani aliisikia harufu, na nadhani alimkumbuka baba, lakini kumbe kumkumbuka baba ndiko kulikomfunga zaidi. Akasimama. Akaingia jikoni. Tulimsikia anafungua kabati, anafungua bomba, anaosha glasi, anaisuuza, anaisuuza tena. Akakinga maji ya bomba akayanywa wima. Alirudi mikono imelowa.

"Nimekunywa nyumbani kwao," alimwambia shangazi. "Umeona."

Akachukua koti lake. Shangazi alimfuata akiniambia atanipigia simu. Walipokwisha kuondoka ndipo nilipoiona glasi ya shangazi. Ilikuwa imejaa vile vile nilivyoimimina.

Nilifanya fujo, sitaficha. Nilimwaga chupa zote zilizobaki, moja moja, kwenye sinki, huku namtukana kaka kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kiswidi nilipoishiwa. Nilimtukana yeye, wajomba zake, suti yake, sauti yake ya kuimbia. Nyumba nzima ilinuka zabibu. Mama aliniacha nimalize.

"Yule mimi simlaumu," alisema baadaye. Hakuwa amepandisha sauti. "Alifiwa na baba naye hakuwepo. Wewe je?"

"Mimi nini?"

"Wewe juu ya nini hukuonja?"

Nikamwambia nilisahau. Nikamweleza habari za mashapo, za fundi, za mkono uliotulia. Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza ndoo yangu.

"Tangu nimefika nyumba hii," akasema, "nikipakua chakula unangoja. Unauliza habari za kanisa. Unavunja vunja ugali. Unachokoa mboga. Nikishatia tonge langu mdomoni, ndipo unakula. Kila siku, baba. Nilijiambia ndivyo anavyokula. Leo nimemwona kaka yako anavyoitazama ile glasi, nikasema, macho haya nayajua, nayaona mezani kwangu."

Nilitaka kumwambia ni heshima. Na kwetu ni heshima kweli, mkubwa ndiye anayeanza, nani asiyejua. Jibu lilikuwa pale pale ulimini. Lakini nilikuwa natafuta kichwani mlo mmoja, mmoja tu katika miaka yote, ambao mimi nilianza, na nilikuwa siupati. Mama hakungoja jibu. Alikwenda kuosha glasi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Hatukwenda kanisani. Alipika uji wa mtama, akapakua bakuli mbili, akaketi mbele yangu na mikono yake mapajani. Kijiko hakukishika. Nikaelewa ananingoja.

Nikashika kijiko changu, nikachota. Uji ulikuwa unatoa mvuke. Nikaupuliza. Nikaukoroga, nikachota tena, nikaupuliza tena. Mama alinitazama ninavyopuliza, akavuta bakuli lake, akaanza yeye.